Aliyekuwa Upande wa Pili wa Kiambaza

Mama Dobi alikuwa mbishi. Tuanzie hapo, maana wengine wakimsimulia humpaka mafuta mpaka humtambui. Doa la shuka likimgomea, naye hugoma kwenda nyumbani mpaka litoke. Mwili mdogo, sauti kubwa, mikono imechakaa kwa sabuni na maji moto ya chumba cha kufulia cha hospitali. Jina lake la ubatizo lilibaki kwenye cheti tu. Madaktari, wagonjwa, hata binti yake aliyekuwa muuguzi wodi ya wazazi, wote wakiwa kazini walimwita Mama Dobi, naye aliitika bila kinyongo.

Mlango wa nyuma wa chumba cha kufulia ulitazamana na kanisa la hospitali. Kanisa lenyewe dogo tu, sakafu ya saruji, madirisha ya juu, na katikati, kutoka mbele mpaka nyuma, kiambaza cha mbao kilicholigawa pande mbili. Huku Walutheri, kule Wakatoliki. Zamani walisali humo kwa zamu, mpaka ukazuka ugomvi wa taa. Wakatoliki huweka mkate uliokwisha kuwekwa wakfu katika kisanduku ukutani, na karibu yake taa nyekundu isiyozimwa. Walutheri wa siku hizo wakasema hawawezi kuhubiri huku taa ya watu inawakodolea macho. Yakaja maneno, ikaja kamati, kikaja kiambaza. Tangu hapo kila watu na mlango wao, madhabahu yao na ufagio wao.

Ufagio wa Walutheri alikuwa nao Mama Dobi, ambaye pia alikuwa mzee wa kanisa. Ufagio wa Wakatoliki alikuwa nao seremala wa hospitali, mtu wa kurekebisha vitanda, milango na magongo ya wagonjwa. Na seremala huyo, jamani, alikuwa mume wake.

Walioana koo zote mbili zimenuna. Mama mkwe alikuja harusini na gauni jeusi. Alipoulizwa akajibu kwamba ndilo pekee lililokuwa safi. Mama Dobi alilicheka gauni lile mpaka uzeeni. Jumapili waliongozana mpaka uani mwa kanisa, mkono kwa mkono, wakaachana kwenye milango miwili kama watu waendao vyoo vya umma. Huo ni utani wa Seremala mwenyewe, msinilaumu mimi.

Siku za kazi walikuwa na desturi yao. Mchana, wageni wa wagonjwa wakishaondoka na hospitali ikatulia, kila mmoja alifagia upande wake, kisha akakaa kwenye benchi lililoegemea kiambaza. Mgongo kwa mgongo, ubao katikati. Hapo walisali Sala ya Bwana kwa sauti. Sasa, wanaoijua sala hiyo wanajua na mahali makanisa haya mawili yanapoachana. Mkatoliki akishaomba kuokolewa na uovu husema amina akanyamaza. Mlutheri huunganisha maneno ya ufalme na nguvu na utukufu. Seremala aliyaita mkia. Alinyamaza, akagonga ubao kwa kifundo cha kidole, akasema, "Haya mke wangu, malizia mkia wako twende tukale."

Na Mama Dobi aliumalizia, kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika.

Nyumbani walibishana kwa raha zao. Ugomvi wao mkubwa ulikuwa juu ya mkate wa Meza ya Bwana.

"Sisi tunasema mkate unabaki mkate," Mama Dobi alisema, "na Yesu yupo humo kweli, ndani yake na pamoja nao."

"Sisi tunasema mkate umekwisha, amebaki yeye."

"Lakini yupo?"

"Yupo."

"Kwetu pia yupo. Sasa tunagombania nini?"

Seremala akapuliza chai yake. "Tunagombania amefikaje."

Siku nyingine akamchokoza. "Hivi mimi nikifa, utaniombea?"

"Kwetu hatuombei wafu. Ukishafika kwa neema umefika, nikuombee nini tena?"

"Basi nitakuombea mimi."

"Utaanzaje kuniombea nawe umekufa? Acha uchuro!"

Alikufa kweli, mchana kweupe, ndani ya karakana, kalamu ya risasi bado sikioni. Moyo tu, daktari alisema. Kwenye misa ya mazishi Mama Dobi alikalishwa benchi la mbele, mahali pa mke. Ilipofika zamu ya kupokea mkate, benchi zima lilinyanyuka likaenda, shemeji, mawifi, wote, yeye akabaki amekaa peke yake mbele ya jeneza. Hakuna aliyemkosea, sheria za pande zote mbili alizijua. Lakini iliuma, na aliumia mpaka akakasirika.

Baada ya msiba Padre aliufunga upande wa Wakatoliki kwa kufuli, ukawa unafunguliwa Jumapili tu, maana hakupatikana mtu wa kufagia. Mama Dobi akarudi kwenye ufagio wake. Mchana ule wa kwanza alifagia, akakaa kwenye benchi, akaegemea kiambaza kwa mazoea. Akaanza sala.

Upande wa pili mtu akaanza naye.

Sauti ilikuwa chini, ya mtu aliyechoka kidogo, inaburuta maneno palepale ilipoyaburuta siku zote. Alitaka kukimbia, miguu ikakataa, basi mdomo ukaendelea kusali wenyewe. Walipofika kwenye amina ya Wakatoliki, sauti ikanyamaza. Ubao ukagongwa mara moja, karibu na bega lake.

Mama Dobi aliumalizia mkia huku machozi yanamtiririka. Kisha akatoka mbio akazunguka nje. Kufuli lilikuwa mahali pake, na buibui ameshatanda nyuzi kutoka kwenye kufuli mpaka kwenye fremu. Akachungulia kwenye upenyo wa mlango. Mabenchi, ukuta, na ile taa nyekundu inawaka.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Mchungaji angemsomea kwamba wafu wamelala. Padre angetaka kunyunyiza maji ya baraka. Binti yake angempeleka kwa daktari. Kesho yake alirudi, na keshokutwa, na kila siku sauti ilimjibu. Kulikuwa na baridi pale kwenye benchi, baridi ya ajabu iliyotoka kwenye mbao hata jua likiwa kali, naye akaanza kwenda na shuka la kujifunika. Nisiwafiche: alikuwa na furaha. Wenzake kazini waliona anaimba, wakanong'onezana kwamba mjane amepata bwana.

Baadaye ukaongezeka mlio. Sala ikiisha, mgongo ukiwa bado kwenye ubao, alisikia kitu kinasaga polepole, krii, krii, kinanyamaza, kinaanza tena. Hakukipenda kile. Sauti aliizoea, lakini kile kilimfanya aondoke kabla hajaamua kuondoka.

Sasa ndipo wakubwa walipokuja na habari njema. Kwa muda mrefu Mchungaji na Padre walikuwa wakikutana na wenzao kujadili umoja wa makanisa. Mchungaji alikuwa kijana mwenye shahada nyingi na kikohozi cha woga. Padre mzee mnene, mpenda mizaha. Walikuwa wamekubaliana jambo zito, kwamba mtu huhesabiwa haki mbele za Mungu kwa neema, kwa imani, na matendo mema hufuata baadaye kama shukrani. Jambo lililowafarakanisha mababu likawa linasomwa kwa sauti moja. Kuhusu kushiriki Meza moja, bado. "Hapo tumefika mlangoni," Padre alisema, "ila aliye na ufunguo hajashuka." Lakini ukuta wa mbao nao una kazi gani tena? Uondolewe, na siku hiyo kuwe na ibada ya pamoja.

Wakatoliki wakakubali. Upande wa Walutheri kulikuwa na desturi ya baraza la wazee: mambo ya kanisa lile hayapigiwi kura. Wazee wote huinua mkono, na mkono mmoja ukibaki chini, jambo linalala mpaka mwenye mkono akubali. Mchungaji akauliza. Mikono ikapanda. Wa Mama Dobi ukabaki mapajani.

"Mama?" Mchungaji alikohoa. "Umesikia swali?"

"Nimesikia. Sikubali."

"Kwa sababu gani, mama yangu?"

Angesema nini? Kwamba kiambaza kikitoka, hatakuwa na mahali pa kumsikia mume wake? "Sikubali tu," akajibu, akakaza macho kwenye mbao.

Weee! Habari zikasambaa hospitali nzima. Wakambatiza upya: Mama Kiambaza. Na Mchungaji, kwa usomi wake, akadhani mama huyu amesimamia mafundisho. Akaja chumba cha kufulia na mkoba wake, akasimama kwenye mvuke miwani imejaa ukungu, akaanza kumweleza habari za haki na neema na jinsi pande mbili zinavyoweza kusema ukweli mmoja kwa lugha mbili.

"Mama, kama hofu yako ni kwamba tunauza imani yetu, nakuhakikishia hatuuzi."

"Sina hofu hiyo, Mchungaji. Sogea kidogo, unakanyaga mashuka ya upasuaji."

Wabaya zaidi walikuwa wale waliompongeza. Mzee mmoja wa baraza, muuza vipuri, aliyeinua mkono wake shingo upande, alimletea katoni ya soda. "Umetufuta machozi, mama. Hawa watu wangetumeza. Uliolewa nao, unawajua." Mama Dobi alimtazama yule mzee, akamkumbuka Seremala akipuliza chai, na hasira ikampanda. Alimrudishia soda zake zote. Lakini mkono wake hakuuinua.

Binti yake ndiye aliyempasulia. Alikuja mchana kumtafuta, akamkuta kwenye benchi na shuka lake, anazungumza na ubao.

"Mama, unaongea na nani?"

"Nasali."

"Unasali halafu unacheka?" Binti akakaa karibu, akajikunyata. "Mbona hapa kuna baridi hivi?"

"Baba yako yupo."

Binti hakumcheka. Alimshika mkono, akasema polepole, "Mama, na mimi namkumbuka. Lakini mimi ni Mkatoliki wa baba, na nimechoka kukupungia mkono uani kila Jumapili. Yeye hukumpata mbele za Mungu akiwa hai kwa sababu ya mbao hizi. Na mimi unataka unikose?"

Mama Dobi alichukua ufagio wake akatoka bila kubisha. Kwa mbishi, hilo ni jambo la kuogopesha.

Wiki ileile Padre alimjia na ombi. Vitambaa vya altare, yaani madhabahu ya upande wao, vilikuwa vichafu tangu Seremala afariki. Je, dobi angewasaidia? Hakutaja kiambaza hata kidogo. Akamkabidhi ufunguo wa kufuli, akamwambia, "Ingia mwenyewe wakati wowote, mama, hapo ni kwa mumeo." Akaenda zake kuona wagonjwa.

Hivyo Mama Dobi akaingia upande wa pili, peke yake, mchana kumetulia. Vumbi la tangu Jumapili lilikuwa limelala sakafuni, na juu yake hapakuwa na alama mpya za nyayo ila zake za kandambili. Alikusanya vitambaa haraka haraka. Kisha akageuka kutazama kiambaza kutoka huku, kitu ambacho hakukifanya hata siku ya mazishi, macho yakiwa kwenye jeneza.

Benchi la Seremala lilikuwa na vumbi kama mabenchi mengine, isipokuwa mahali pamoja, pa kumtosha mtu mmoja kukaa. Pale ubao uling'aa. Na juu ya benchi, kwenye mihimili ya kiambaza, aliona skrubu. Alikumbuka: miaka ya nyuma mbao zilioza, Seremala akaagizwa azibadilishe. Wenzake walimshangaa kwa nini asipige misumari, kazi ikaisha. Alizipaka skrubu zote grisi, akasema yeye hapendi kazi ya kuvunjavunja. Sasa zilikuwa zimechomoza nje. Zote, kutoka chini mpaka juu asipofika mtu bila ngazi, zimezunguka zikatoka mpaka zimebaki zinaning'inia kwa ncha. Aligusa moja kwa kidole. Ikajizungusha kidogo, krii, ikadondoka kiganjani mwake.

Padre baadaye alisema ni mashine za kufulia, zinatikisa majengo yote haya. Huenda. Mashine zile Mama Dobi alizijua kuliko Padre.

Alikaa palepale palipong'aa, akaegemea ubao, skrubu ngumini. Akaanza sala akitegemea kusikia sauti masikioni kabisa, kwa kuwa safari hii amemfuata alipo.

Sauti ikaja. Lakini ilitoka nyuma yake, ng'ambo ya kiambaza, kwenye benchi lake mwenyewe aliloliacha tupu.

Mama Dobi nusura apige kelele. Akasali hivyo hivyo, kijasho kinamtoka kwenye ile baridi, na alipofika kwenye amina ya Wakatoliki akanyamaza. Hakujua kwa nini. Labda kwa sababu ya benchi alilokalia. Halafu, kutoka upande wa Walutheri, sauti ya Seremala ikaendelea peke yake, ikajikwaa kidogo kama mtu anayesoma maandishi ya mwenzake, ikayasema maneno ya ufalme na nguvu na utukufu mpaka mwisho. Ikaumaliza mkia. Na ubao ukakaa kimya, unamsubiri yeye agonge.

Hapo akaelewa, na kuelewa kwenyewe kulimchoma. Angehama mara ngapi? Akija huku, mume yuko kule. Akirudi kule, mume yuko huku. Mradi kiambaza kipo, yeye na Seremala hawatakaa benchi moja milele, na mwenzake alikwisha kulijua hilo, alikuwa anafungua skrubu mchana baada ya mchana. Mama Dobi aliugonga ubao kwa kifundo cha kidole. Akalia kwa sauti, bila haya, na hakuna kilichomjibu.

Barazani Mchungaji hakumaliza hata swali. Mkono wa Mama Dobi ulikuwa umeshapanda.

"Mama, ni hoja ipi iliyokugusa?" Mchungaji aliuliza kwa furaha, kikohozi kimempotea.

"Zako zote zilikuwa nzuri," Mama Dobi akamwambia. Si vizuri kumvunja moyo kijana.

Mafundi walikuja na mitaimbo, wakairudisha bila kuitumia. Mbao zilitoka kwa mkono, moja baada ya nyingine. Mchana ule Mama Dobi alikaa ndani ya kanisa lililokuwa pana ghafla, akasali, akasikiliza kulia, akasikiliza kushoto. Hapakuwa na sauti. Alirudi tena kesho yake: kimya. Hata ile baridi ilikuwa imekwisha. Alijiambia kwamba ndiyo bei yenyewe na aliijua, lakini shuka lake alilikunja taratibu, akarudi nalo kazini.

Siku ya ibada ya pamoja watu walijaa mpaka wengine wakakaa madirishani. Mabenchi yalikuwa yamepangwa upya, na Mama Dobi akakaa katikati, mahali ambapo mstari mweupe sakafuni bado ulionyesha kiambaza kilipokuwa. Binti yake alikuwa kwaya, mbele. Nafasi moja pembeni mwa Mama Dobi ilibaki wazi, na watu wote waliokuwa wakihangaika kutafuta viti walipita hapo bila kuitazama.

Mchungaji na Padre waliongoza Sala ya Bwana pamoja. Kila mtu alijua vurugu itatokea wapi. Kweli, nusu ya kanisa ikasema amina ikanyamaza, nusu ikaendelea, halafu waliokuwa wamenyamaza wakasikia aibu wakadandia, na mkia ukaimbwa vipande vipande huku watu wanatabasamu. Mama Dobi aliusema wote. Alitega sikio. Zilikuwa sauti za watu walio hai tu.

Wakati wa mkate kila watu walikwenda kwenye meza yao, mbili bado, moja kila pembe ya mbele. Mlangoni walikuwa wamefika, kama alivyosema Padre. Mama Dobi alikuwa anajitayarisha kusimama, pale mwanamke mmoja alipoingia amechelewa. Alikuwa mgeni kabisa, mwenye mgonjwa wodini, hakumjua mtu pale. Aliangaza macho kutafuta kiti, akaja moja kwa moja kwenye benchi lile, akasita. Akainama kwa adabu kuelekea ile nafasi tupu.

"Shikamoo, baba," alisema. "Samahani, nilidhani hapa hapana mtu."

Akajivuta pembeni akasimama ukutani.

Mama Dobi hakugeuka. Alihisi tu benchi limeshuka kidogo upande ule, na begani mwake, pale pale siku zote palipokuwa na ubao, hapakuwa na ubao. Angeweza kuuliza amefikaje, maana ubishi haukuwa umemtoka. Hakuuliza. Alisogea akampa nafasi zaidi.